Koti la Hakimu

Koti hili nililinunua Kiboriloni, mnadani,
mwaka ule kahawa iliposhuka bei watu wakang'oa mibuni.
Mfukoni mlikuwa na tiketi ya treni ya nchi za watu
na pipi moja ya mnanaa.
Pipi niliila. Tiketi ninayo.

Kwa koti hili nimekuwa hakimu mara tisa,
mchungaji mara mbili, marehemu mara moja:
walinilaza kwenye jeneza la kuazima pale Majengo,
fundi kasimama pembeni anatazama saa,
nami nimebana chafya ya maranda.

Yule kijana anayeliliwa na wanawake wawili
sijawahi kuwa.
Mimi ni yule anayefungua mlango na kusema,
"Bosi, kuna wageni."

Ila mlango nao una kufunguliwa kwake.
Nilijifunza kwenye bwalo la kiwanda cha magunia,
Bi. Anaeli Kirenga kashika kiuno:
"Elingaya! Nyuma ya huo mlango kuna mvua au jua?
Usituletee mwili tu. Ingia na ulikotoka."
Tulilipwa soda na nauli.
Vumbi la magunia lilituwasha shingo hadi pazia la mwisho.
Kiwanda kilipokufa, sisi tulikuwa wazoefu:
tulikuwa tukifa kila Jumamosi saa mbili usiku,
kwa shoka, kwa sumu, kwa ukoloni.

Kisha wakaja wa kamera kubwa, wakapiga mahema njia ya Marangu.
Nikawa mpagazi wa tatu.
Siku nne nilibeba sanduku tupu
nikalifanya zito mpaka magoti yakaamini.
Filamu ilipotufikia, miaka miwili baadaye,
tuliitazama kwa shemeji, mtaa mzima umejaa sebuleni.
Likapita bega langu la kushoto.
Aikande akaruka kitini: "Bega lile nalijua!
Rudisha! Rudisha nyuma!"
Wakarudisha mara sita.

Halafu yule mama wa Kibosho.
Alinikuta sokoni nachagua ndizi, koti mwilini,
yeye na bahasha ya kaki kwapani.
"Mheshimiwa, wewe ndiye uliyemrudishia mjane shamba."
Nikamwambia, mama, ile ni sinema,
hukumu aliiandika kijana mmoja wa Sakina,
na mjane yule ni mwalimu wa chekechea.
"Najua," akasema. "Mimi si mjinga.
Ila wale wa kweli hawajawahi kunitazama usoni."

Nikaweka ndizi chini.
Tukakaa juu ya kreti za soda.
Kihamba. Shemeji watatu.
Masale ya mpaka yaling'olewa usiku, yakapandwa hatua ishirini ndani,
na asubuhi yalikuwa na umande kama yaliyozaliwa pale.
Nilimsikiliza kama Bi. Anaeli alivyotaka tusikilize,
kwa uti wa mgongo.
Sikuhukumu. Nilimwelekeza kwa wanasheria wa msaada,
ghorofa ya pili, juu ya duka la mbolea.
Alipoondoka aliinama kidogo, kama mahakamani,
nami, Mungu anisamehe, nikamwitikia kwa kidevu,
kile kile cha tukio la arobaini na mbili.

Kesi yake iliishaje, sijui.

Jana amepiga simu mwongozaji, mtoto mdogo,
sauti bado inavunjika.
Kesho Shanti Tauni, saa kumi na mbili asubuhi:
mlinzi wa geti. Maneno mawili.
Hayupo, mzee.
Nimeyazungusha tangu magharibi, naihamisha koma.
Hayupo, mzee: najibu mgeni getini.
Hayupo mzee: nimeondoka mimi.
Koti liko kwenye msumari, limeshika mabega yangu bila mimi.

"Hayupo mzee," nauambia ukuta.
Aikande anajigeuza kitandani.
"Zima taa," anasema. "Asubuhi atakuwepo."